Maoni – Bukavu: umeme unaporudi usiku, kompyuta yako iwe imechomolewa

Katika nyumba nyingi za Bukavu, watu hawazimi tena vitu vya umeme. Umeme unaondoka jioni, na kila kitu kinabaki kwenye prizi: televisheni, friji, simu, kompyuta. Sababu ni moja: hakuna anayejua utarudi saa ngapi. Ukirudi saa nane ya usiku, vitu vianze kazi vyenyewe wakati watu wamelala, na asubuhi simu iwe imejaa.

Desturi hiyo inaeleweka. Mtu anayeishi kwa kungojea umeme hataki umpite akiwa usingizini. Lakini kwa upande wa kompyuta, desturi hiyo inatugharimu kuliko tunavyofikiri. Ninasema wazi: kompyuta ambayo hakuna mtu anaitumia izimwe, na katika miji yetu kuzima peke yake hakutoshi, ichomolewe kwenye prizi. Na sababu kubwa si ile tunayosoma katika mashauri yanayotoka ngambo.

Mashauri ya ngambo yanajibu swali lingine

Kule Ulaya na Marekani, swali la kuacha kompyuta ikiwaka ao kuizima limeulizwa kwa miaka mingi. Wizara ya Nishati ya Marekani ilitoa kanuni ambayo wengi wanaifuata mpaka leo: kama hutatumia kompyuta kwa zaidi ya dakika 20, zima skrini, kama hutaitumia kwa zaidi ya saa 2, zima skrini na mashine yenyewe. Ni shauri zuri, lakini linatolewa kwa mtu ambaye umeme wake hauondoki. Kwake, hesabu yote ni ya faktire ya mwisho wa mwezi.

Kwetu faktire ni sehemu ndogo ya jambo. Kompyuta ya mtu wa Kadutu, wa Panzi ao wa Bagira haiuawi na kukaa ikiwaka. Mara nyingi inauawa na dakika chache: zile umeme unapoondoka na zile unaporudi. Ndiyo maana shauri la kwetu linapaswa kuanza na hali ya umeme wetu wenyewe.

Umeme unaotufikia ni mdogo, tena unagawanywa kwa zamu

Wengi wanadhani umeme wa Bukavu unatoka Inga. Hapana. Miji ya Kivu haijaunganishwa na nyaya zinazotoka Inga. Sisi tunategemea mto Ruzizi, pale ambapo maji ya ziwa Kivu yanatoka kuelekea Tanganyika. Ruzizi ya kwanza ilijengwa miaka ya 1950 na nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi ya pili ilianza mwaka wa 1989, ina karibu megawati 44, na inasimamiwa na SINELAC, kampuni ya nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu imezungumziwa miaka na miaka, lakini bado haijawasha hata taa moja nyumbani kwetu.

Tangu Ruzizi ya kwanza ijengwe, mji umeongezeka mara nyingi. Tena, wakati wa mvua, chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa kwenye mifereji inashuka mpaka ziwani, inafika kwenye Ruzizi na kuziba mashine. Wafanyakazi wanalazimika kuitoa takataka hiyo, na wakati huo umeme unapungua. Mashine zenyewe ni za zamani, zinaharibika. Matokeo yake ni delestaji: leo kartiye hii, kesho kartiye ile. Na hata zamu yenyewe mara nyingi haifuati saa.

Goma hali ni tofauti kidogo. Sehemu ya wakaaji wanapata umeme wa Virunga Energies, unaotoka kwenye vituo kama kile cha Matebe, Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka wa 2015 na chenye karibu megawati 13. Hao wamezoea konteri ya kulipa mbele, na swali lao linakaribia lile la Ulaya: nitumie vizio vyangu namna gani? Lakini hata huko umeme unakatika, na yale yanayofuata hapa chini yanawahusu pia.

Dakika ya hatari ni ile ya kurudi

Sote tunajua mambo ya robine. Maji yakikosekana siku tatu kisha yakirudi, hakuna mama anayeweka sufuria mara moja. Robine kwanza inakohoa, inatoa hewa, kisha maji ya rangi ya udongo. Watu wanayaacha yatiririke kwanza, ndipo wanachota.

Umeme unaorudi unafanana na maji hayo. Katika kartiye nzima, mamia ya friji, pampu, pasi, reshu za kupikia na televisheni vimebaki kwenye prizi. Umeme ukirudi, vyote vinaomba nguvu kwa wakati mmoja. Vyenye mota, kama friji na pampu, vinaomba mara kadhaa zaidi ya vile vinavyotumia vikiwa vimetulia. Volti zinaanguka, taa zinakuwa nyekundu. Mara nyingine mzigo ni mkubwa mpaka umeme unakatika tena, unarudi, unakatika. Kisha baadhi ya vitu vinajizima, na volti zinaruka juu. Katika dakika hizo, sehemu ya kompyuta inayopokea umeme, ile mafundi wanaita alimantasyo, ndiyo inayopigwa kwanza. Ikiwa ni ya bei ndogo, inaweza kuungua na kuharibu pia kile kilicho nyuma yake.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 220, lakini kwenye nguzo kuna nyaya tatu zenye moto, na kati ya waya mmoja na mwingine kuna karibu volti 380. Kinachoifanya nyumba ipate 220 ni ule waya wa nne, wa nyutri. Waya huo ukikatika ao ukilegea, kwa sababu ya nguzo ya mti iliyooza, ya upepo ao ya mtu aliyejiunganisha mwenyewe usiku, nyumba moja inapata volti kidogo sana na jirani yake anaweza kupata zaidi ya 300. Siku hiyo, avenyu nzima inalia. Wale ambao hawalii ni wale waliokuwa wamechomoa.

Sema tena juu ya radi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kutokana na picha za satelaiti za NASA ulionyesha kwamba milima ya mashariki mwa Congo ndiyo inayopigwa na radi kuliko sehemu yoyote ya Afrika, na duniani inatanguliwa na ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mtu yeyote aliyepita msimu wa mvua Kabare ao Walungu hahitaji satelaiti imwambie. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu na nyaya, nguvu inatembea mpaka kwenye prizi. Na hapo kitufe cha kuzima hakikingi kitu. Kati ya prizi na mashine iliyozimwa, njia bado iko wazi. Kinachokinga ni waya uliotolewa ukutani.

Kazi inayopotea ni kubwa kuliko mashine

Tuzungumze sasa juu ya kile kilicho ndani ya kompyuta. Katika mji wenye wanafunzi wengi kama Bukavu, kuna nyumba ambamo kompyuta moja inabeba TFC ya mtoto mkubwa, hesabu za duka la mama, barua za kanisa na picha za ndoa. Mara nyingi vyote viko sehemu moja tu.

Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kitu kwenye diski, kile kilichokuwa katikati kinapotea, na mara nyingine faili nzima inakataa kufunguka. Mwanafunzi aliyebakiza wiki mbili kabla ya kutetea kazi yake anaanza upya sura nzima. Wengine wanakwenda kwa fundi na kulipa feza nyingi ili mtu ajaribu kuokoa kilichobaki, bila hakikisho. Kununua kompyuta nyingine, hata ile iliyokwisha kutumika ambayo inatoka Ulaya ao Dubai, ni mshahara wa miezi kadhaa kwa mwalimu. Katika miaka hii ya vita, familia nyingi haziwezi hata kuwaza jambo hilo.

Hapa lazima tuondoe kosa moja lililoenea. Watu wengi wanafunika laptopu, ao wanabonyeza "Mettre en veille", na wanadhani wamezima. Hawajazima. Mashine imelala tu. Kazi yote iliyokuwa wazi bado iko kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme ili isipotee. Kwa kompyuta ya mezani, umeme ukiondoka, kumbukumbu hiyo inafutika mara moja. Kwa laptopu, batri inashika kwa muda. Lakini ni laptopu ngapi kati ya zile tunazonunua sokoni bado zina batri nzima? Nyingi zinafanya kazi zikiwa kwenye waya tu. Laptopu yenye batri iliyokufa ni kompyuta ya mezani iliyovaa koti la laptopu: umeme ukiondoka, nayo inaondoka.

Kuna njia ya kati, ile ambayo mashine inaandika kazi yote kwenye diski kisha inajizima kabisa. Katika Kifaransa cha Windows inaitwa "Veille prolongée". Ukiwasha tena, unakuta kila kitu mahali ulipokiacha, na unaweza kuchomoa waya bila hofu. Katika mashine nyingi imefichwa, na fundi ao kijana anayejua anaweza kuitoa kwenye mipangilio ya umeme kwa dakika chache. Kwa yule asiyeijua, njia ya usalama ni ile ya zamani: hifadhi kazi yako, funga kila kitu, bonyeza "Arrêter", ngoja mpaka mashine inyamaze, kisha chomoa.

Tufanye hesabu ya feza

Feza si sababu ya kwanza, lakini si kitu cha kudharau. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, ikiwaka bila mtu, inakula wati 80 hivi. Zile za zamani zenye skrini nene zinapita hapo. Tuchukue wati 80 na usiku wa saa 10 wenye umeme. Hiyo ni kilowati-saa 0,8 kwa usiku mmoja, na 24 kwa mwezi. Kila mtu achukue bei anayolipa kwa kilowati-saa moja, aizidishe na 24, ataona anachotupa.

Kwa yule ambaye hesabu ya kilowati haimwambii kitu, tuseme hivi: umeme huo wa mwezi mmoja ungewasha ampule moja ya LED ya wati 8 kwa saa 3.000. Ukiwasha ampule hiyo saa 5 kila jioni, ni jioni 600. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa mtoto kusomea kwenye mwanga, umekwisha kwa mwezi mmoja na kompyuta isiyofanya kazi yoyote.

Ni lazima pia kusema ukweli wa upande mwingine. Laptopu inayowaka bila kazi inatumia wati 10 mpaka 20 tu. Mashine iliyolala inatumia 2 ao 3. Kwa hiyo mtu mwenye laptopu iliyolala hawezi kuambiwa kwamba anafilisi nyumba. Katika mwezi mzima hafiki hata kilowati-saa 3. Huyo tunamwomba achomoe juu ya usalama wa mashine, si juu ya faktire.

Lakini kwa nyumba zinazotumia jua, hesabu ni kali. Tuchukue batri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100. Inashika wati-saa 1.200, na kama ni ya maji ao ya jeli, haifai kutumia zaidi ya nusu, yaani 600, la sivyo inazeeka haraka. Kompyuta ya mezani ya wati 80, pamoja na kile konvertiseri inachokula, inamaliza 600 hizo kati ya saa 6 na 7. Ukiiacha ikiwaka usiku, asubuhi batri imechoka kabisa. Ukifanya hivyo kila siku, batri uliyoitegemea miaka inakufa kwa miezi, na hakuna kitu ghali katika nyumba ya jua kama batri.

Transfoma moja, nyumba mia

Hapa ndipo jambo la kompyuta linaacha kuwa la mtu mmoja. Transfoma ya kartiye ilipangwa kwa idadi fulani ya nyumba. Leo inabeba nyumba nyingi zaidi, nyingine zimejiunganisha bila ruhusa. Kila kitu kinachowaka bure kinaongeza uzito huo. Kompyuta moja ni kidogo, kweli. Lakini yule anayeacha kompyuta kwenye prizi ndiye yule anayeacha pia reshu, pasi na taa sita za nje. Wote wakisema "yangu ni kidogo", transfoma inaungua, na hapo kartiye nzima inakaa gizani wiki ao miezi, huku kila avenyu ikichangisha feza za kutafuta nyingine.

Tena kuna moto wa kweli. Wakaaji wa Kadutu hawana haja ya kufundishwa jambo hilo. Nyumba za mbao zimebanana, na ralonji moja dhaifu inabeba vitu vitano. Umeme ukirudi usiku na waya huo ukipata joto, hakuna aliye macho kuuona. Katika nchi ambamo, kulingana na Benki ya Dunia, karibu mtu mmoja tu kwa watano ana umeme nyumbani, kuwa nao ni neema. Neema hiyo isiwe sababu ya kuchoma nyumba za majirani.

Wale wasiokubali wanasema nini?

Nimezungumza na watu wengi wasiokubali shauri hili, na sababu zao si za kijinga.

Wa kwanza wanasema kuwasha na kuzima ndiko kunakoharibu mashine. Kuna ukweli kidogo ndani yake: chombo kinapopata joto na kupoa, sehemu zake zinachoka. Lakini kompyuta zinatengenezwa kwa kuwashwa na kuzimwa kila siku kwa miaka, na nyingi zinapitwa na wakati kabla ya kufa kwa sababu hiyo. Kinyume chake, mashine inayowaka usiku na mchana inavuta vumbi bila kupumzika. Wakati wa kiangazi, kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane, fungua kompyuta yoyote ya Bukavu uone kile kilichojaa kwenye ventilateri yake. Zaidi ya hayo, katika mji wenye delestaji, mashine uliyoiacha ikiwaka itazimwa hata hivyo. Tofauti ni nani anaizima: wewe kwa utaratibu, ao umeme kwa ghafula.

Wa pili ni vijana wanaonunua megabaiti za usiku kwa sababu ni za bei nafuu, na wanaacha mashine ipakue mafunzo, programu ao filamu mpaka asubuhi. Hao siwaambii waache. Mashine inayopakua inatumiwa, hata kama mwenyewe amelala. Ninawaambia tu wafanye hivyo kwa laptopu yenye batri nzima ao kompyuta iliyo kwenye onduleri, wazime skrini, na wapange mashine ijizime yenyewe kazi ikiisha.

Wa tatu ni wenye sekretaria, wale wanaochapa na kufotokopi barua za watu karibu na vyuo na ofisi za serikali. Mchana hawawezi kuzima kila mteja akiondoka. Ni kweli, na kanuni ya saa 2 inawafaa vizuri: katikati ya kazi mashine ikae, lakini jioni wakati wa kufunga mlango ichomolewe. Wengine wananijibu kwamba dijonkteri ya duka inatosha. Inatosha kama inashushwa. Nyingi hazishushwi.

Wa nne ndio wenye hoja yenye nguvu kuliko zote: "Nikichomoa kila kitu, nitajuaje umeme umerudi?" Jibu ni rahisi. Acha ampule moja ndogo ya LED ikiwa imewashwa katika chumba unacholala. Hiyo ndiyo iwe kengele yako. Ikiwaka, ngoja dakika 10, angalia kama mwanga umetulia, kisha chomeka simu, na kama una kazi ya haraka, chomeka kompyuta. Ampule ikiungua, umepoteza feza kidogo sana. Kompyuta ikiungua, umepoteza mwaka.

Na wale wanaotegemea stabilizateri? Ni nzuri kuwa nayo, lakini tuijue. Stabilizateri inasahihisha volti zinazopanda na kushuka katika mipaka iliyoandikwa juu yake. Nje ya mipaka hiyo haina uwezo, na kwa mruko wa ghafula inaweza kuchelewa. Zile zenye kitufe cha kungoja dakika kadhaa kabla ya kupitisha umeme ni afadhali. Onduleri inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Haikutengenezwa kwa kufanya kazi saa nzima gizani, na batri yake nayo inazeeka. Vyombo hivyo vinasaidia mtu aliye macho. Havichukui nafasi yake.

Mzigo usiwe wa raia peke yake

Ingekuwa si haki kumaliza hapa, kana kwamba kila kompyuta iliyoungua ni kosa la mwenyewe. Raia anachomoa kwa sababu hajui umeme utarudi lini, na hilo si yeye aliyelileta. Kampuni zinazogawa umeme, SNEL na nyingine, zinaweza kufanya mambo ambayo hayahitaji kungojea Ruzizi ya tatu.

La kwanza ni kutangaza saa za delestaji kwa kila kartiye na kuziheshimu. Redio za mji ziko, simu ziko, wakubwa wa kartiye na wa avenyu wako. Mtu akijua kwamba umeme wake ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi, ataamka saa hizo, atafanya kazi yake, na hataacha nyumba nzima kwenye prizi kwa kubahatisha. Tangazo la saa lingeokoa umeme mwingi kuliko mahubiri yetu sisi waandishi.

La pili ni kurudisha umeme kwa sehemu, si mji mzima kwa mara moja, na kukagua waya wa nyutri kwenye nguzo zinazojulikana kuwa mbovu. Majirani mara nyingi wanajua nguzo hiyo ni ipi. Wanahitaji mtu wa kuwasikiliza kabla ya hasara.

La tatu ni njia ya wazi ya kulalamika. Leo mtu ambaye vitu vyake vimeungua kwa sababu ya volti kupita kiasi hajui apeleke malalamiko wapi, kwa karatasi gani, katika siku ngapi. Analia na majirani, kisha ananyamaza. Kampuni inayokata umeme wa asiyelipa inapaswa pia kujibu anayelipa.

Na serikali ya jimbo, pamoja na meya wa mji, wana jambo lao: nguzo zinazoinamia nyumba, watu wanaouza umeme wa wizi kutoka nyumba moja mpaka nyingine, na takataka zinazoshuka ziwani kila mvua. Hatuwezi kutupa chupa kwenye mfereji leo, kisha kesho tukashangaa kwamba Ruzizi imesimama.

Tuanze na kile kilicho mikononi mwetu

Madai hayo yote ni ya haki, na lazima tuendelee kuyasema. Lakini yatachukua muda, na umeme utarudi usiku huu, bila kumuuliza mtu kama yuko tayari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulala fanya mambo machache. Hifadhi kazi yako na uweke nakala yake kwenye kle USB ao kadi, isibaki kwenye mashine moja. Zima kompyuta kwa "Arrêter", si kwa kufunika ao kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu. Toa waya ukutani, pamoja na waya wa skrini, wa printa na wa intaneti kama unao, hasa mvua ikikaribia. Acha ampule moja ikuambie habari. Na umeme ukirudi, uache utulie kwanza, kama maji ya robine.

Wafundishe watoto jambo hilo, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa mwisho kuacha kompyuta. Mkumbushe pia jirani ambaye TFC yake iko karibu kwisha. Mwaka wa masomo ukipotea kwa sababu ya mwalimu ao ya vita, tunajua wa kulaumu. Usipotee kwa sababu ya waya uliobaki kwenye prizi.